Kuacha boila ya gesi na kuhamia umeme: nimepewa makadirio mawili yasiyolingana hata kidogo

Mkazi_Leicester anauliza:

Wakubwa shikamooni, na wenzangu habari za majukumu.

Ninaishi na familia yangu Leicester, katika nyumba ya safu iliyojengwa zama za Malkia Victoria, yenye vyumba vitatu vya kulala, kuta za tofali zisizo na uwazi katikati, na madirisha ya vioo viwili yaliyowekwa na mwenye nyumba aliyetutangulia. Joto tunalipata kwa boila ya gesi ya aina ile inayochemsha maji papo kwa papo bila tangi, nayo imezeeka kiasi kwamba fundi aliyekuja kuikagua ametuambia vipuri vyake vinazidi kuadimika. Kwa mujibu wa ankara zetu tunatumia takribani uniti 12,000 za gesi kwa mwaka (uniti moja ni kilowati-saa moja), karibu zote zikiwa za kupasha nyumba joto na kuchemsha maji, kwa kuwa jiko letu linakula kidogo mno.

Nimeziita kampuni mbili zije kutazama, na majibu yao yamenichanganya. Ya kwanza inapendekeza boila ya umeme ikae palepale ilipo ya gesi, pamoja na paneli za umeme zinazotoa mionzi ya joto katika vyumba viwili. Bei yake ni ndogo, kazi inaisha upesi, na kijitabu chao kinasema kwamba mtambo una ufanisi wa asilimia 99. Ya pili inapendekeza pampu ya joto inayokaa uani, tangi la maji moto ndani ya nyumba, na kubadilishwa kwa baadhi ya rejeta za ukutani. Kazi yake ni kubwa zaidi na bei inabaki juu hata baada ya kutolewa ruzuku ya serikali ya paundi 7,500. Kampuni zote mbili zinatumia maneno yaleyale, kwamba ni umeme wenye ufanisi mkubwa.

Naomba anayefahamu anieleze tofauti iko wapi, iwapo nyumba kuukuu kama hii inafaa, na kama ankara itapanda au itashuka. Mama mkwe wangu anaishi nasi na hawezi baridi, kwa hiyo sitaki kufanya majaribio juu ya mgongo wake.

Fundi_wa_Joto anajibu:

Ndugu yangu, mimi kazi yangu ni mabomba na mitambo ya joto hapa Birmingham. Nitaanza na hesabu, kwa sababu maneno ya vijitabu hayaingii kwenye mita.

Kwa ukomo wa bei uliowekwa na Ofgem, mdhibiti wa soko la nishati, kwa miezi ya Julai hadi Septemba 2025, wastani wa bei ya uniti moja ya umeme ulikuwa peni 25.73 na ya gesi peni 6.33, yaani umeme ulikuwa ghali mara nne. Tuchukulie kwamba boila yako ya zamani inageuza asilimia 85 ya gesi kuwa joto. Katika uniti zako 12,000, nyumba inapata kama uniti 10,200 za joto lenyewe, nawe unalipa kama paundi 760 kwa gesi hiyo. Sasa boila ya umeme, hata ikiwa na ufanisi wa asilimia 99 au 100 kamili, itahitaji uniti moja ya umeme kwa kila uniti moja ya joto. Zidisha 10,200 kwa peni 25.73, utapata zaidi ya paundi 2,600 kwa mwaka. Kampuni ya kwanza haijakudanganya kuhusu asilimia 99. Imenyamazia tu bei ya kile kinacholiwa na mtambo. Paneli za mionzi nazo ni hivyohivyo: zinafaa chumba kinachotumika nusu saa kwa siku, lakini hazizalishi joto zaidi ya umeme unaoingia, hata ziitwe kwa jina gani.

Pampu ya joto ni kitu kingine kabisa. Yeyote aliyewahi kupita uchochoroni nyuma ya duka lenye kiyoyozi pale Kariakoo anaijua hewa ya moto inayopulizwa na kile kisanduku cha nje: ni joto lililotolewa ndani ya duka na kumwagwa nje. Pampu ya joto ni mtambo wa aina hiyohiyo uliogeuzwa upande, unaolichukua joto la hewa ya nje, hata hewa ya nyuzi hasi, na kuliingiza kwenye maji yanayozunguka katika rejeta zako. Umeme unaendesha kompresa, feni na pampu ya maji tu, ndiyo maana uniti moja ya umeme inaweza kuleta uniti tatu au nne za joto. Katika majaribio ya serikali yaliyofanywa kwenye nyumba 742 za Uingereza za kila namna, zikiwamo kuukuu kama yako, wastani wa kati wa mwaka mzima ulikuwa takribani uniti 2.8 za joto kwa kila uniti moja ya umeme, na hakuna aina ya nyumba iliyoonekana haifai kabisa. Mitambo iliyosanifiwa kwa uangalifu hufika 3.5, na mingine 4.

Kwa kiwango cha 2.8 ungelipa kama paundi 937 kwa mwaka, yaani zaidi ya gesi yako ya sasa. Kwa 3.5 ungelipa kama paundi 750, na kwa 4 kama paundi 656. Lakini kuna jambo linalosahauliwa: mita ya gesi ina tozo yake ya kila siku hata usipowasha kitu, ambayo kwa ukomo huohuo ilikuwa peni 29.82, sawa na paundi 109 kwa mwaka. Ukibakiza jiko la gesi, unaibakiza tozo hiyo kwa ajili ya kuchemsha chai. Ukiikata gesi kabisa, kiwango ambacho ankara mbili zinalingana kinashuka kutoka karibu 3.45 hadi karibu 3. Kwa hiyo swali lako halipaswi kuwa kama pampu ya joto ni nzuri, bali kama huyu anayetaka kukufungia anajua kuisanifu ivuke 3.

Kinachoamua kiwango hicho kuliko chapa ya mtambo ni joto la maji yanayopelekwa kwenye rejeta. Boila nyingi zimetegeshwa zipeleke maji ya nyuzi 70 na zaidi. Pampu ya joto hufanya kazi kwa raha kati ya nyuzi 35 na 45, na kadiri unavyoilazimisha kupanda juu ndivyo kompresa inavyokula umeme. Shida ni kwamba rejeta iliyokuwa inatosha kwa maji ya nyuzi 70 hutoa kama theluthi moja tu ya uwezo wake ulioandikwa kiwandani pale unapoipelekea maji ya nyuzi 45. Hapo ndipo hitaji la rejeta kubwa zaidi au nene zaidi linapotoka. Mteja hulinung'unikia kwa sababu hajui kazi yake, na fundi anayetaka kushinda zabuni hulifuta kwenye makadirio, kisha akapandisha maji hadi nyuzi 55 ili nyumba ipate joto, na mwenye nyumba ndiye anayelipia tofauti hiyo miaka yote.

Kuhusu kuta zako: tofali isiyo na uwazi hupitisha joto kwa wingi, hilo siyo siri, lakini ukuta haujui joto lililokuja kwa gesi na lililokuja kwa umeme. Nyumba inayovuja joto inahitaji mtambo mkubwa zaidi na rejeta kubwa zaidi. Haimaanishi kwamba pampu itashindwa. Faida ya nyumba ya safu ni kwamba pande mbili umekumbatiwa na majirani, na joto lako linatoka kwa mbele, nyuma, juu na sakafuni tu. Anza na dari: weka vifaa vya kuhami joto hadi unene wa milimita 270, kwa maana ni kazi ya bei nafuu na haina vurugu. Kuhami kuta kwa ndani ni gharama na kunakula nafasi ya chumba, na mimi nisingelifanya kuwa sharti la kuanzia.

Kampuni ya pili ikuoneshe hesabu ya upotevu wa joto, chumba kwa chumba, siyo kwa kukisia kutokana na idadi ya vyumba. Mafundi wengi huithibitisha kwa kuchukua uniti za gesi za mwaka na kuzigawa kwa 2,900. Kwako inatoka kama kilowati 4. Ikiwa mnawasha joto kwa saa chache tu, mahitaji halisi yatakuwa juu zaidi ya hapo, lakini mtu akikuletea mtambo wa kilowati 12 muulize ameupata wapi, kwa sababu mtambo mkubwa kupita kiasi huwaka na kuzima mfululizo, hupoteza ufanisi na huchakaa mapema. Uwezo wake usiusome kwenye mstari wa nyuzi 7 za hewa ya nje unaopendwa na matangazo. Uusome kwenye nyuzi hasi 3, ambayo ndiyo baridi unayosanifu kwa ajili yake huko kwenu. Uliza pia kama ameweka tangi la kati au kibadilisha joto kati ya mtambo na rejeta, na kwa nini, maana mara nyingi huwekwa kwa mazoea na hupunguza ufanisi bila kuleta faida yoyote kwenye nyumba ndogo.

Ruzuku ya paundi 7,500 ni ya Uingereza kusini mwa Uskoti pamoja na Wales, inasimamiwa na Ofgem, na anayeiomba ni fundi mwenye cheti cha MCS, mpango unaothibitisha mafundi wa mitambo hii, si wewe. Inakatwa moja kwa moja kwenye bei yako. Boila ya umeme haipati ruzuku hiyo. Pampu za joto hazitozwi kodi ya ongezeko la thamani hadi tarehe 31 Machi 2027, kwa hiyo ukiona mstari wa asilimia 20 kwenye makadirio, uulizie.

Tangi la maji moto ndilo litakalokusumbua zaidi kwenye nyumba ya safu. Kwa familia yenye mgeni wa kudumu, lita 200 ni kiasi cha busara, na litataka kabati la upana wa mtu mzima aliyekunja mikono. Kumbuka kwamba boila yako ya sasa inatoa maji moto bila kikomo lakini kwa bomba moja kwa wakati. Tangi linatoa kwa mabomba yote kwa pamoja, kisha linahitaji muda kujijaza joto upya. Kama ni nyumba ambayo alfajiri ya Ramadhani watu wote wanaoga na kutawadha kwa mpigo, mpangilio wa saa wa tangi uwekwe ukizingatia hilo tangu mwanzo.

Mstaafu_Coventry anajibu:

Mwanangu, huyu fundi amesema vizuri, na hesabu zake sina ubishi nazo. Mimi nasimama upande mwingine kidogo.

Boila yako imezeeka lakini haijafa. Umeme wa nchi hii ni ghali kwa sababu, pamoja na mambo mengine, tozo za sera za serikali zimelundikwa zaidi kwenye ankara ya umeme kuliko ya gesi, na hilo linaweza kurekebishwa na wanasiasa siku yoyote au lisirekebishwe kabisa. Leo hii unaambiwa kwamba ukifanya kila kitu sawasawa utaokoa paundi 100 au 200 kwa mwaka, na wakati huohuo unaombwa utoe maelfu. Kwa mwenye akiba ndogo na watoto wanaosoma, hiyo siyo hesabu ya kukimbilia. Pia usitishwe na wauzaji wanaobisha hodi wakisema kwamba boila za gesi zinapigwa marufuku. Mpango wa kuziondoa ifikapo 2035 ulilegezwa na serikali ya Rishi Sunak mnamo Septemba 2023, na hakuna sheria inayomtaka mwenye nyumba ang'oe boila inayofanya kazi.

Ninachokushauri ukifanye kwanza hakigharimu chochote. Nenda kwenye boila yako, tafuta kitufe cha joto la maji ya rejeta, ambacho ni tofauti na kile cha maji ya bombani, na ukishushe hadi nyuzi 55, kisha 50. Boila za kisasa za gesi hupata ufanisi wao kwa kuugeuza mvuke wa moshi kuwa maji na kulinasa joto lake, na hilo hutokea pale maji yanayorudi kutoka kwenye rejeta yanapokuwa chini ya nyuzi 54 hivi. Boila iliyotegeshwa kwenye 75 haifanyi hivyo karibu mwaka mzima, ingawa bango lake limeandikwa asilimia 92. Wenye tangi la maji wasishushe ovyo, kwa kuwa maji ya tangi yanahitaji nyuzi 60 ili kuua vijidudu, lakini wewe huna tangi.

Faida ya pili ya jaribio hilo ni kwamba siku ya baridi kali utajua mwenyewe ni chumba kipi kinatosheka na maji ya nyuzi 50 na kipi hakitosheki. Hapo hata huyo wa pampu ya joto akija, utakuwa na jambo la kumwambia, badala ya kumsikiliza tu.

Jambo moja zaidi, na nalisema kwa sababu nalijua kwenye nyumba nyingi za watu wetu. Tunawasha joto kwa muda wa saa moja tu asubuhi na saa moja tu jioni ili kubana matumizi, tunaziba kila tundu la hewa, tunaanika nguo juu ya rejeta, kisha tunashangaa ukuta wa chumba cha kulala unapoota ukungu mweusi nyuma ya kabati. Pampu ya joto haikuumbwa kwa ajili ya maisha hayo. Inataka iachwe ifanye kazi polepole kutwa nzima. Kama mnaishi hivyo, basi uniti zenu 12,000 zinaficha baridi mliyoivumilia, na baada ya kubadilisha mtakuwa na nyumba yenye joto zaidi lakini si lazima ankara ndogo zaidi. Kwa mama mkwe wako huenda hilo ndilo jambo kubwa, na sina neno juu yake, ila liingie kwenye hesabu waziwazi.

Mwanakwetu_Glasgow anajibu:

Kwanza nawakumbusha wasomaji wa huku Uskoti kwamba ruzuku aliyoitaja fundi si yetu. Sisi tunaomba wenyewe kupitia Home Energy Scotland, huduma ya ushauri wa nishati ya huku Uskoti: ruzuku ya hadi paundi 7,500, nyongeza ya 1,500 kwa wanaoishi vijijini na visiwani, na mkopo usio na riba wa hadi 7,500 kwa anayeutaka. Kazi isianze kabla ya kupata barua ya idhini.

Pili, nieleze kuishi na pampu yenyewe kulivyo, kwa sababu hesabu hazisemi. Rejeta hazichomi. Ukiweka kiganja unahisi uvuguvugu tu, na wageni wangu wote wa majira ya baridi huigusa, hunitazama, na kuniuliza kwa adabu kama nimesahau kuwasha, ilhali chumba kiko nyuzi 20 na wao wamekwisha vua makoti. Nguo hazikauki juu yake kwa haraka kama zamani. Sauti ni ya feni, na ndani haisikiki.

Siku zinazomshangaza mtu si zile za baridi kavu ya theluji, bali zile za ukungu wa nyuzi 1 au 2, hewa ikiwa imelowa. Unyevu huganda juu ya mapezi ya nyuma ya mtambo hadi yanakuwa meupe. Kisha feni inasimama, unasikia vali ikigeuka ndani yake, maji yanaanza kudondoka, na wingu zito la mvuke linapaa kutoka uani. Jirani yangu aligonga mlango akidhani kuna moto. Ni mtambo unajiyeyusha barafu, jambo la dakika chache. Kwa hiyo hayo maji yawe na pa kwenda: sisi yalikuwa yanatiririka kwenye njia ya miguu na kuganda upya, mpaka tulipochimbiwa shimo la kokoto chini yake.

Tatu, na hili ndilo lililotuumiza. Kampuni iliyotufungia iliondoka ikiwa imeutegesha mtambo upeleke maji ya nyuzi 55 mwaka mzima, iwe Januari au Mei, na ankara ya kwanza ya majira ya baridi ilitutoa jasho. Tulipolalamika tuliambiwa kwamba nyumba yetu ni kuukuu. Fundi mwingine kabisa ndiye aliyekuja na kuwasha ule mpangilio unaofanya mtambo upime baridi ya nje na kulipandisha au kulishusha joto la maji wenyewe, kisha akafungua valvu za rejeta zote ambazo tulikuwa tunazifungafunga kwa kudhani tunaokoa. Hakubadilisha kifaa hata kimoja. Mwombeni anayewafungia awaoneshe mpangilio huo ukiwa umewashwa kabla hamjatia sahihi kwamba kazi imekamilika.

Mkazi_Leicester anarejea:

Nawashukuru nyote, na niwie radhi kwa kimya. Nilitaka baridi iingie kwanza ndipo nijibu kwa jambo la uhakika.

Boila ya umeme nimeikataa. Nilifuata ushauri wa mzee wa Coventry na kushusha maji hadi nyuzi 50. Sebule na vyumba viwili vya mbele havikutetereka hata usiku wa barafu. Chumba cha nyuma cha watoto kinachelewa kupata joto asubuhi, na jiko la nyuma, ambalo ni ujenzi ulioongezwa baadaye lenye paa bapa, halitosheki kabisa; rejeta yake ni ndogo yenye bapa moja tu. Nimemweleza hayo mtu wa kampuni ya pili, akapima upya, na sasa amependekeza mtambo wa kilowati 6, rejeta tatu mpya, na maji yasiyozidi nyuzi 45.

Yamebaki mambo matatu. Fundi umeme wake amefungua kisanduku cha mita na kusema kwamba nyumba yetu na ya jirani zinachangia kebo moja kutoka barabarani, na kwamba hilo linaweza kuzuia kazi. La pili, ua wetu ni mwembamba, kwa hiyo mtambo utakuwa karibu sana na ukuta wa jirani, nami nilisikia kwamba lazima uwe mita moja kutoka mpakani. La tatu ni jiko: mke wangu hataki kusikia habari ya kuacha moto wa gesi, kwa kuwa anasema chapati na pilau hazipikwi juu ya kioo.

Fundi_wa_Joto anajibu:

Kebo ya pamoja ni kitu cha kawaida kwenye nyumba za safu. Anayepaswa kuitenganisha ni kampuni inayomiliki nyaya za mtaani, ambayo kwa Leicester ni National Grid Electricity Distribution, wala siyo ile unayoilipa ankara kila mwezi. Fundi wako atawasilisha maombi pamoja na picha za fyuzi kuu na mita. Yawahishwe, kwa sababu huenda wakahitaji kuchimba mbele ya nyumba na kupata ridhaa ya jirani, na hayo yanaweza kuchukua miezi. Vocha ya ruzuku ikishatolewa ina uhai wa miezi mitatu kwa pampu ya joto la hewa, kwa hiyo isiombwe wakati suala la kebo bado linaning'inia.

Sharti la mita moja kutoka mpakani liliondolewa England tarehe 29 Mei 2025. Kilichobaki ni sharti la kelele: sauti inayofika kwenye dirisha la jirani isizidi kikomo kilichowekwa katika hesabu ya MCS, na fundi anapaswa kukupa karatasi ya hesabu hiyo. Ukuta unaorudisha sauti, na mtambo kukaa kwenye kona, huongeza kelele, kwa hiyo katika ua mwembamba kuusogeza hata hatua moja kunaweza kuleta tofauti. Mtambo ukiwa unatumia gesi ya R290, ambayo ni propani, kuna umbali wa kuzingatiwa pia kutoka kwenye madirisha, milango na mashimo ya maji taka, kwa kuwa gesi hiyo ni nzito kuliko hewa na inawaka.

Kuhusu jiko, mwambie shemeji achukue sumaku ya mlango wa friji na aende nayo kabatini. Chombo kinachonasa sumaku chini kitafanya kazi kwenye jiko la induksheni, yaani lile la kioo linalotumia umeme kukipasha chombo chenyewe kwa nguvu ya sumaku: kikaango cha chuma cha chapati kinanasa vizuri sana, na moto wake unaongezeka na kupungua papo hapo kama gesi. Kinachoshindikana ni masufuria ya alumini, yale tuliyobeba kutoka nyumbani, na hapo ndipo penye gharama ambayo watu hawaiweki kwenye bajeti. Kabla ya ubishi kuendelea, mnunulie jiko dogo la induksheni la sahani moja la kuweka mezani, apike pilau lake juu yake, kisha aamue mwenyewe. Akikataa, pampu itafanya kazi vilevile, ila mtaendelea kulipa ile tozo ya mita ya kila siku.

Kilowati 6 na nyuzi 45 kwa nyumba yako ni pendekezo ninaloweza kulitia sahihi, mradi jiko la nyuma lipate rejeta yenye bapa mbili na safu mbili za mapezi, na lile paa bapa liwekewe vifaa vya kuhami joto likifika wakati wa kukarabatiwa. Kitu kimoja sikukiona kwenye maelezo yako: unene wa mabomba yanayoingia kwenye rejeta. Nyumba zilizowekewa joto miaka ya 1970 na 1980 wakati mwingine zina vibomba vya milimita 8 au 10, na maji ya uvuguvugu yanapaswa kupita kwa wingi zaidi kuliko maji ya moto ili kubeba joto lilelile. Pima hapo yanapotokea sakafuni, hasa kwenye chumba cha watoto kinachochelewa, na uandike hapa kabla hujalipa amana.